Maswali ya Wasomaji: Benki Iliyoanguka Vienna Mwaka 1931

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya upili. Kila tunapofika kwenye mada ya kuinuka kwa Hitler, wanafunzi hutaja Mkataba wa Versailles na kuporomoka kwa soko la hisa la New York mwaka 1929. Muhula uliopita mmoja wao aliniuliza: ikiwa chanzo ni mwaka 1929, mbona Wajerumani waliokosa kazi walipita milioni 6 mwanzoni mwa 1932, zaidi ya miaka miwili baadaye? Nimesoma kwamba kuna benki ya Austria iliyoanguka katikati ya kipindi hicho. Je, benki ya nchi ndogo kama ile iliwezaje kuitikisa Ujerumani, na mtikisiko huo ulitufikia huku kwetu?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako anastahili pongezi, maana swali lake linatuondoa New York na kutupeleka Vienna, ambako kidonda kilikuwa kimefungwa kitambaa kwa zaidi ya miaka kumi bila kuoshwa.

Benki hiyo iliitwa Creditanstalt. Ilianzishwa mwaka 1855 kwa fedha za ukoo wa Rothschild, wakati Vienna ilipokuwa makao ya milki ambayo, kufikia mwaka 1914, ilikuwa na watu milioni 50 hivi. Milki hiyo ilivunjika mwaka 1918, Austria ikabaki nchi ya watu wasiofika milioni 7, na viwanda, migodi na reli ambazo benki za Vienna zilikuwa zimezikopesha vikajikuta Chekoslovakia, Hungaria, Polandi na Yugoslavia, kila nchi ikiwa na sarafu yake na ushuru wake wa forodha. Wakuu wa benki hizo waliendelea kukopesha kana kwamba mipaka mipya ingefutika siku moja. Kisha mfumuko wa bei wa 1921 na 1922 ukala mtaji wao, hata benki zilizoonekana nene kwa nje zikawa zimekonda ndani.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kiini cha jambo lote. Benki moja ilipolemewa na mikopo isiyolipika, haikufungwa wala hesabu zake hazikuanikwa, bali ilimezwa na benki nyingine. Bodencreditanstalt ilimeza mbili mwaka 1927. Nayo ilipokuwa ikikata roho mwezi Oktoba 1929, serikali iliishinikiza Creditanstalt iimeze. Hasara zile zilihama nyumba tu. Tarehe 11 Mei 1931 umma ulitangaziwa kwamba Creditanstalt imepata hasara ya shilingi za Austria milioni 140, kiasi cha asilimia 85 ya fedha zake yenyewe. (Ndiyo, sarafu ya Austria nayo iliitwa shilingi, isichanganywe na ya kwetu.)

Serikali haikuweza kuiacha ife, kwa kuwa sehemu kubwa ya viwanda vya nchi ilikuwa mikononi mwake. Benki kuu ya Austria iliikopesha noti, wenye amana wakazichukua dirishani na kwenda moja kwa moja kuzibadilisha kwa fedha za kigeni. Hapa ndipo kamba ya dhahabu ilipoikaba shingo nchi, kwa sababu chini ya mfumo wa sarafu uliofungwa kwenye dhahabu, benki kuu iliahidi kubadilisha noti zake kwa kiwango kisichotikisika, na kila noti iliyotolewa kuiokoa benki ilipunguza akiba ya kuilinda sarafu. Tiba ya ugonjwa mmoja ilikuwa sumu kwa mwingine. Mkopo wa kimataifa ulihitajika haraka, lakini Ufaransa, iliyokuwa na dhahabu nyingi, ilitaka kwanza Austria iachane na mpango wa umoja wa forodha na Ujerumani uliotangazwa mwezi Machi. Tarehe 16 Juni Benki ya Uingereza ilitoa shilingi milioni 150 za Austria, nazo zikazuia maji kwa muda tu.

Sasa Ujerumani. Si kweli kwamba Vienna iliiambukiza nchi iliyokuwa na afya. Mfumuko wa bei wa 1923 ulikuwa umekausha mitaji ya benki za Berlin, nazo zikajijaza amana za muda mfupi kutoka Marekani, Uingereza na Uholanzi, kisha zikazikopesha kwa viwanda kwa muda mrefu. Habari za Vienna ziliwafanya wenye amana hao wajiulize ni nini kingine kilichofichwa, na jibu lilipatikana Bremen. Nordwolle, kampuni kubwa ya sufu, ilikuwa imenunua shehena kubwa ikitarajia bei kupanda. Bei ilianguka, na hasara ikafichwa katika kampuni tanzu iliyosajiliwa Amsterdam. Danat, mojawapo ya benki kubwa za Berlin, ilikuwa imeikopesha Nordwolle kupita kiasi cha busara. Tarehe 13 Julai 1931 Danat haikufungua milango, na serikali ikazifunga benki zote kwa siku mbili zilizofuata.

Sheria iliitaka Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, iwe na dhahabu na fedha za kigeni zisizopungua asilimia 40 ya noti zake. Mkuu wake, Hans Luther, alisafiri kwa ndege hadi London na Paris kuomba mkopo, akarudi mikono mitupu. Mwanzoni mwa Agosti riba ya Reichsbank ilifika asilimia 15. Hebu mweleze mwanafunzi wako afikirie kiwanda kinacholipa mishahara kwa mkopo wa benki wakati benki haina cha kukopesha, au inakopesha kwa riba ya namna hiyo, huku serikali ya Kansela Brüning ikipunguza mishahara na matumizi. Hapo ndipo mamilioni yale yanapotoka. Chama cha Nazi, kilichopata asilimia 18 ya kura mwezi Septemba 1930, kilipata 37 mwezi Julai 1932. Mkuu wa Danat, Jakob Goldschmidt, alikuwa Myahudi, na magazeti ya Nazi hayakuchelewa kulitumia jambo hilo, ingawa ndugu wa ukoo wa Lahusen walioiangusha Nordwolle hawakuwa Wayahudi.

Kuhusu kufika kwake kwetu: fedha nyingi za London zilinaswa Ujerumani, wawekezaji wakaitilia shaka pauni yenyewe, na tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza ikaacha dhahabu. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyofungwa kwa pauni kwa kiwango cha 20 kwa moja tangu mwaka 1921 na kusimamiwa na bodi iliyokaa London, ilishuka pamoja nayo bila mtu yeyote wa Nakuru au Kisumu kuulizwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kisumu. Tulibishana kuhusu watu wanaokimbilia benki kutoa pesa. Mwenzangu anasema wao ndio huiua benki. Historia inasemaje?
Mama wa Chama, Kisumu

JIBU: Mama, mwenzako ana nusu ya ukweli. Benki yoyote, hata iliyo nzima, haiwezi kuwalipa wenye amana wote siku moja, kwa kuwa fedha ziko kwa waliokopa. Lakini walioondoa fedha zao Vienna mwezi Mei 1931 hawakuwa wajinga. Waliambiwa kwamba benki imekwisha kula karibu mtaji wake wote, na walifanya vile ambavyo mimi nawe tungefanya.

Linganisha na Hispania. Mwaka huohuo wa 1931 wenye amana nao walizikimbilia benki baada ya mfalme kuondoka, ila sarafu ya nchi haikuwa imefungwa kwenye dhahabu, kwa hiyo benki kuu ilikopesha bila kubanwa na hofu ikapungua. Uingereza hakuna benki kubwa iliyoanguka: zilikuwa na matawi nchi nzima, hazikujifunga na viwanda kama za Vienna, na baada ya dhahabu kuachwa, riba ya benki kuu ilishushwa hadi asilimia 2 kufikia mwisho wa Juni 1932. Italia ilichukua njia yake: mwaka 1933 serikali iliunda shirika la IRI, likachukua hisa za viwanda zilizokuwa zikizizamisha benki kubwa.

Wenye amana wa Vienna hawakuwa na bima. Hapa Kenya amana za benki zimekingwa hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki tangu Julai 2020, kwa hiyo ikiwa akiba ya chama inazidi hapo, jadilini kuigawa katika benki mbili.

SWALI: Babu yangu alichimba dhahabu Kakamega enzi za mkoloni. Je, mambo ya benki za Ulaya yalihusika?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Kwa njia ya kuzunguka, ndiyo. Dhahabu yenyewe iligunduliwa mwaka 1931, na walowezi waliomiminika walisukumwa na kuanguka kwa bei ya mahindi. Kabla ya Septemba mwaka huo aunsi moja ilikuwa takriban shilingi 85. Pauni ilipoachana na dhahabu, bei hiyo ilipanda hadi kupita 110 mwaka uliofuata, na mchanga ambao haukuwa na faida ukawa na faida. Mwishoni mwa 1932 serikali ya koloni ilibadilisha sheria ya ardhi iliyokuwa imetungwa miaka miwili tu kabla yake, ili shamba lililochukuliwa kwa ajili ya mgodi lilipiwe fedha badala ya mwenyewe kupewa shamba jingine.