Dera ni la mchangani

Swali la wiki hii lilikuwa: msimu wa joto umeingia na fukwe zimejaa, wewe msomaji unavaa nini ukapendeza na ukarudi nyumbani salama, na kitu gani kimoja hukiachi? Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam, nashona nguo za kike na za watoto. Kuanzia Desemba mpaka Februari wateja wangu wengi wanashona kwa ajili ya Coco Beach, Kigamboni au safari ya boti kwenda kisiwa cha Mbudya. Nitaanza na nguo basi, kwa sababu naamini nguo inaamua mengi kabla mtu hajagusa maji. Na kupendeza hakugombani na usalama hata kidogo, mradi mteja na fundi wamekaa chini wakaelewana nguo inakwenda kufanya kazi gani.

Nenda Coco Beach Jumapili jioni. Utaona dada zetu wameingia baharini na madera, wengine na mabaibui, na kaka zetu na jinzi. Kwa upande wa kina dada sababu naielewa na naiheshimu: tunataka stara. Lakini dera limekatwa pana makusudi ili lipitishe upepo. Ukisimama nalo kwenye maji ya kiuno, wimbi linaingia kwa chini na dera linajaa kama tanga. Wimbi likirudi, linarudi na wewe. Baada ya hapo kitambaa chote kinajizungusha miguuni. Anayejua kuogelea hawezi kupiga mateke, na asiyejua hawezi hata kusimama tena pale alipokuwa amesimama.

Mteja akibisha namletea beseni. Nalichovya dera lake, nalitoa bila kulikamua, nampa alishike kwa mkono mmoja ulionyooka. Maji yanachuruzika, sakafu inalowa, na kabla hatujamaliza mazungumzo mkono umeshaanza kushuka. Kisha nampa suti ya kuogelea ya laikra yenye mikono mirefu na suruali, nayo imelowa vilevile. Anaishika na kunitazama. Hapo huwa sina haja ya kuongeza neno, tunahamia kwenye rangi na mshono.

Suti ya stara iliyoshonwa vizuri inafunika mwili wote na haichoti maji. Kanzu yake ya juu iishie katikati ya paja, isivuke goti, na ndani yake nashona kifungo cha kuishika kwenye suruali ili isielee ikapanda usoni. Hijabu yake iwe ya kuvaa kichwani mzimamzima, isiyotaka pini, maana pini majini inafunguka na inachoma. Vazi la namna hii Aheda Zanetti alilibuni Australia mwaka 2004, na leo fundi yeyote mwenye ovaloki na sindano ya kitambaa cha kuvutika anaweza kulishona. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulianza kufundisha wasichana kuogelea mwaka 2011, wakiwa wamejistiri mwili mzima na dumu tupu mkononi la kuelea nalo. Picha za wasichana wale zilizunguka duniani, na mimi nilipoziona niliona kazi ya fundi kabla ya kitu kingine chochote: hakuna kitambaa kilichozidi, wala pindo linalobembea.

Dera lenyewe silitupi. Ukitoka majini, umejifuta, umekaa chini ya mwavuli na muhogo wako wa kukaanga na pilipili, hakuna vazi linalolishinda. Vaa la kitambaa chepesi, chomeka ncha moja kiunoni, tia hereni kubwa, piga picha zako. Kwa wanaume kikoi kinafanya kazi hiyohiyo, na majini bukta fupi ya naylon yenye mpira na kamba ya kufunga. Jinzi ibaki kwenye gari.

Rangi ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote, hasa kwa watoto. Akina mama wanapenda kuwavalisha watoto bluu ya bahari, kijani kilichofifia au nyeupe, na kweli kwenye picha wanapendeza. Sasa mwangalie mtoto wa suti ya bluu akizama kidogo tu chini ya uso wa maji: amepotea. Maji yetu ya karibu na ufukwe mara nyingi yana mchanga uliovurugwa na miguu ya watu, kwa hiyo hata nyeupe yanaimeza. Chagua rangi ya machungwa inayowaka, njano kali au pinki kali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Pumzi ya kupigia kelele hana. Macho ya mzazi ndiyo king'ora, na rangi inayoyasaidia macho hayo si pambo. Kwa hiyo mtoto awe na mtu mzima mmoja anayemtazama, aliyeweka simu chini, aliye karibu kiasi cha kunyoosha mkono akamshika. Nguo ya mtoto isiwe na kamba shingoni. Na yale matairi ya kukodi, upepo ukitoka nchi kavu yanaondoka na mtoto huku anacheka, na mbio zako hazitayafikia.

Kuhusu jua nitasema kile kinachosahaulika. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini haitoshi kwa siku nzima ya jua la utosi na mng'ao wa maji. Losheni ya kinga ya jua ya SPF 30 inazuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, ila ipakwe ya kutosha na irudiwe kila baada ya saa mbili na kila unapotoka majini. Jua kali ni la saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Wanaotumia mkorogo nawaomba kwa mapenzi yote: ngozi iliyochubuliwa haina ngao, na krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa sababu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, nguo ndiyo kinga ya kwanza: kola inayosimama, mikono mpaka kiganjani, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo wazi. Juu ya hayo yapo mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi mahsusi kwa ajili yao. Na fulana nyeupe nyepesi ya pamba ikilowa inapitisha jua zaidi kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba amejifunika.

Miguuni, ndala hazifai majini, wimbi la kwanza linazichukua. Yeboyebo yenye mkanda wa nyuma, iliyokaza vizuri, inatosha, na siku hizi zipo za rangi za kupendeza. Miamba ya matumbawe inakata, na katikati yake kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu ambayo huvunjikia ndani ya unyayo. Kwenye mchanga samaki aitwaye taa hujifukia, kwa hiyo tembea kwa kuburuza miguu ili akusikie na kuondoka. Ukichomwa na taa au samaki wa jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali. Maji yasiwe ya kuunguza, na usikubali mtu akuchanje.

Wapiga picha wazuri wa mtandaoni wanapenda maji yakipwa, miamba ikiwa wazi, unatembea mpaka mbali na gauni lako. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita tu. Hatari yake ni kwamba maji hayarudi yakitokea mbele yako peke yake. Yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, kati ya mwamba uliosimama juu yake na ufukwe, wakati wewe unageuza uso kutafuta mwanga mzuri. Angalia pale ulipovuka. Kama ulivuka maji yakiwa kwenye kifundo na sasa yanakaribia goti, picha zimekwisha, rudi. Na ukijikuta mkondo unakuvuta nje, usipigane nao. Elea, inua mkono, ogelea ukifuata ufukwe mpaka utoke ndani yake, ndipo ukate kuja nchi kavu.

Kwa kaka zangu nitasema moja: wanaume hufa maji zaidi ya wanawake, na pombe inachangia. Ukishaionja, bahari iangalie kwa macho.

Kabla ya kupanda boti ya Mbudya au Bongoyo, angalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha, kisiwa hakihami. Jaketi okozi livaliwe juu ya nguo zote, mikanda imefungwa, na dera likunjwe lichomekwe kiunoni wakati wa kupanda na kushuka. Najua linaharibu mwonekano. Ndiyo maana wateja wangu wa visiwani nawashonea kimono kifupi cha kuvaa juu ya suti, kinachokaa vizuri hata chini ya jaketi.

Kitu kimoja nisichokiacha ni doti ya kanga, pande zote mbili. Moja naitandika, nyingine najifunga, na mtoto akitoka majini anatetemeka nina cha kumfunika. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Mtu akizidiwa karibu na mwamba au gati, wengi hurukia kumwokoa na wanaondoka wote wawili. Unganisha kanga mbili kona kwa kona kwa fundo gumu, unapata karibu mita 3 za kufikia mtu. Funga fundo jingine kwenye ncha ya kurusha na ulichovye majini, maana ncha iliyolowa ni nzito na inaruka mbali. Lala kifudifudi ili asikuvute, mwambie mwenzako akushike miguu, rusha upande wa pili wa bega lake, na mwingine awe anapiga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji. Kama mna dumu tupu lililofungwa mfuniko, mrushieni hilo kwanza alikumbatie.