Muulize Inchaji: Dawa hazitoshi, halafu tupunguze tena?

SWALI: Shikamoo mama. Nimechaguliwa kwenye kamati ya zahanati ya kijijini kwetu huku mkoa wa Morogoro, huu mwezi wa nne sasa, na kila kikao wimbo ni ule ule, dawa hamna, inchaji (msimamizi wa zahanati) anasema oda ilienda MSD, bohari ya dawa ya serikali, ikarudi nusu, wananchi wananiangalia mimi kama ndo nimezila. Sasa kikao kilichopita akaja na mpya, eti tupunguze aina za dawa tunazoagiza ili hela itoshe. Nikabaki nashangaa, dawa hazitoshi halafu tupunguze tena? Au ndo tunapigwa? (Mjumbe mpya)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na cheo. Huyo inchaji wako simjui ila kwa hilo neno moja nampa maksi. Hela ikiwa ndogo unaweza kununua kidogo kidogo cha kila kitu, stoo inapendeza wakija wakubwa wa wilaya, halafu wiki ya tatu kila kopo liko tupu. Au unakaa chini unachagua vitu vichache ambavyo kwako haviishi hata siku moja, vingine vikikosekana utavumilia matusi.

Chukua sindano ya oksitosini. Mama kajifungua saa nane usiku anaanza kumwaga damu, hapo utamwambia mumewe akanunue dukani, duka gani? Hiyo inakaa juu kabisa ya oda, pamoja na magnesiamu ya kifafa cha mimba, atesuneti ya sindano kwa mtoto mwenye malaria kali, amoxi ya watoto, ORS na zinki. Na oksitosini inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, ukiiacha kwenye kabati la joto we hesabu umenunua maji. Dawa ya maji ya kifua ambayo kila bibi anaipenda inakaa chini kule. Mimi nilishaitwa mchoyo kwa ajili ya hiyo dawa ya kifua, mbele ya watu, kwenye foleni, nikanyamaza zangu.

Ila kabla hujampigia makofi, omba uone leja. Kuna kosa moja nimelifanya mwenyewe miaka kama miwili hivi bila kujijua. Tuseme ndani ya siku 60 umetoa vidonge 1,000, unaandika kwenye fomu matumizi ni 1,000, safari ijayo unaagiza kwa hesabu hiyo hiyo. Kumbe vidonge vilikwisha siku ya 40, zile siku 20 ulikuwa unawaambia watu hamna na wale watu hawamo kwenye daftari lolote. Hitaji lako la kweli lilikuwa 1,500. Kwa hiyo ukiishiwa unaagiza kidogo, ukiagiza kidogo unaishiwa mapema zaidi, unazunguka hapo hapo huku unailaumu MSD peke yake. Mwangalie inchaji wako kama anazihesabu siku za ukame.

Na angalau yeye ana cha kuchagua. Enzi zetu za boksi, ule mpango ulianza 1983, zahanati ilikuwa inaletewa boksi limefungwa, vitu vile vile kwa kila mtu, uwe bondeni unaliwa na mbu au juu milimani kwenye baridi na vichomi. Klorokwini inaisha mapema, vitu vingine vinarundikana mpaka vinaexpaya, jirani yako anavililia na huna ruhusa ya maana ya kubadilishana naye.

Sasa hiyo ya "ikarudi nusu". Hapo usikubali mazungumzo yaishie hapo. Kitu MSD hawana, wanatoa taarifa kwamba hawana, na kwa taarifa hiyo zahanati inaomba kupitia kwa mganga mkuu wa wilaya inunue kwa mshitiri, yaani yule muuzaji mmoja mkoa mzima ulioingia naye mkataba. Ndo ule mpango wa Jazia, ulianzia Dodoma 2014 na kufika 2018 ukawa nchi nzima. Wazo lenyewe ni la kimaskini kabisa na ndo maana nalipenda: zahanati moja ikienda dukani na hela ya makopo matatu inauziwa bei ya mtu wa makopo matatu, zikiunganisha oda za wilaya nzima bei inashuka. Hela za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, nazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazikai tena halmashauri, kwa hiyo kamati yenu ina la kusema. Uliza kikaoni: taarifa ya MSD iko wapi, ombi la mshitiri lilitumwa lini?

Kuhusu kupigwa, mzigo ukija uwepo wewe mwenyewe. Hesabu boksi kwa boksi na karatasi ya mzigo mkononi, ndo usaini. Ukisainia nyumbani kwako kwa sababu mvua ilinyesha, usinitumie tena swali hili.

SWALI: Mama, hivi ni kweli siku hizi mjamzito anabebwa na taksi badala ya ambulance? Si aibu hiyo? (Baba Kijacho)

JIBU: Ni kweli na aibu siioni. Huo ni mpango wa m-mama, ulijaribiwa kanda ya ziwa, Shinyanga na Sengerema, ukazinduliwa kitaifa 2022. Unapiga 115 bure, nesi anakuuliza dalili, kama gari la wagonjwa liko karibu linakuja, kama halipo anaitwa dereva wa hapo hapo mtaani aliyesajiliwa, analipwa kwa simu akishafikisha mgonjwa. Gari la wagonjwa linataka dereva wa zamu, mafuta, tairi, na likiharibika linalala gereji wakati magari ya watu yamepaki kijijini. Ni kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na vichanga, kwa hiyo we na goti lako usipige. Namba iandike ukutani sasa hivi, uchungu ukianza mtu hakumbuki hata jina lake.

SWALI: Dada yangu anatumia ARV, zamani alienda kila mwezi, sahivi kapewa za miezi 6. Wamemchoka? (G.)

JIBU: Hapana mwanangu, wamemwamini. Wanapewa walio imara, wanaomeza vizuri na virusi vimeshuka. Nesi ni mmoja na foleni ni ndefu, akimpunguzia dada yako safari 5 kati ya 6 anapata nafasi ya kukaa na yule anayeanza dawa leo na anatetemeka. Mwambie tu asizihifadhi jikoni karibu na moto, na akianza kuumwa aende, asisubiri tarehe.