Safisha orodha kabla ya kutaja h-indeksi ya mtaalamu wa kinga ya mwili

Anayepima kazi ya mtafiti mara nyingi hukosea kabla hajaanza kuhesabu. Hukosea kwenye orodha ya makala. Kamati ya kupandisha vyeo ikiletewa karatasi iliyoandikwa "h-indeksi 19", yaani makala 19 zilizorejelewa angalau mara 19 kila moja, iulize kwanza: 19 ya orodha ipi, ya kanzidata ipi, ya tarehe ipi? Mtu mmoja anaweza kuwa na 19 kwenye Scopus na 26 kwenye Google Scholar wiki hiyohiyo, na zote mbili zikawa zimehesabiwa sawasawa. Google Scholar hukusanya karibu kila kitu: tasnifu, ripoti, sura za vitabu, hata makala za awali ambazo hazijapitiwa na wataalamu. Scopus na Web of Science huhesabu majarida waliyoyachuja wenyewe. Chagua moja, iandike jina, na usichanganye namba za huku na za kule.

Anza na jina la mtafiti. Kanzidata nyingi huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo, na majina yetu ya matatu hayakupangwa kwa kufuata desturi hiyo. Tuseme mtafiti anaitwa Asha Juma Salim. Makala moja itamwandika Salim AJ. Nyingine, jina la tatu likiachwa, itamwandika Juma A. Akiongeza jina la mume, anageuka mtu wa tatu. Scopus inaweza kumfungulia kurasa tatu, kila moja na h-indeksi yake ndogo. Kinyume chake, Mohamed A ndani ya PubMed, kanzidata ya makala za tiba, ni umati wa watu kutoka nchi nyingi, na asiyeangalia atampa mtu mmoja kazi za wote.

ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, inasaidia sana. Ukiiandika kwenye PubMed na kuifuatisha na alama [auid], utapata makala zilizounganishwa nayo. Hata hivyo ORCID inajua tu kile ambacho mwenyewe amekiweka au jarida limekituma. Kwa hiyo rudia kutafuta kwa kila umbo la jina, ukiunganisha na jina la taasisi kwa alama [ad]. Kwa makala za kabla ya 2014, PubMed kwa kawaida iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza peke yake, hivyo aliyekuwa katikati ya orodha hutampata kwa jina la chuo chake hata ukitafuta siku nzima.

Mtego mwingine huwaumiza zaidi watafiti wa Afrika Mashariki, nao ni majaribio makubwa ya chanjo. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwemo. Matokeo yake, kwenye New England Journal of Medicine mwaka 2011 na kwenye Lancet mwaka 2015, yalitoka kwa jina la kundi: RTS,S Clinical Trials Partnership. Watu waliofanya kazi wamo ndani, lakini kama wachunguzi waliotajwa chini ya kundi. Kwenye PubMed ukitafuta jina kwa [au] huenda usiwaone. Jaribu [ir], alama ya wachunguzi wa kundi. Ukiruka hatua hii unamnyima mtu miaka kadhaa ya kazi halali. Nayo kinyume chake ni kweli. Ukiiingiza makala ya namna hiyo kwenye jumla bila kuitenga, inameza kila kitu, maana hurejelewa mara nyingi mno, na ndani ya orodha hiyo yumo aliyesimamia upimaji wa kingamwili kwa ELISA, kipimo cha maabara, pamoja na aliyeingia mradini miezi michache ya mwisho. Itenge kwenye safu yake, na mbele yake andika kazi ambayo mtu huyo aliifanya hasa.

Orodha ikipatikana, ipakue kwenye Excel na uweke safuwima hizi: PMID (namba ya makala kwenye PubMed), DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), mwaka, jarida, aina ya makala, nafasi ya mwandishi, idadi ya waandishi, mara ilizorejelewa. Kisha ondoa vya kuondolewa. Makala ya awali ya bioRxiv au medRxiv na toleo lake lililochapishwa ni kitu kimoja. Masahihisho, muhtasari wa mkutano na barua kwa mhariri si makala za utafiti. Mfano: orodha ya vitu 34 ikitoa makala za awali 2 zilizojirudia, masahihisho 1, mihtasari 3 ya mikutano na makala 2 za mtu mwingine mwenye jina kama hilo, inabaki 26. Katika hizo, tuseme 5 ni makala za mapitio, 3 ni za majaribio ya kundi, na 18 ni utafiti wa asili. Hizo 18 ndizo zinazosema mengi zaidi kuhusu mtafiti, ingawa mara nyingi si zile zinazobeba h-indeksi yake.

Makala za mapitio zinahitaji uangalifu katika fani hii. Annual Review of Immunology na Nature Reviews Immunology ni majarida ya mapitio, na anayetaka kueleza seli za T katika aya moja atarejelea pitio badala ya tafiti 30 zilizo nyuma yake. Pitio zuri ni kazi ya maana, lakini halioneshi kwamba mtu aliendesha maabara. Vivyo hivyo miongozo ya pamoja: miongozo ya saitometria ya mtiririko (njia ya kupima seli moja moja kwa leza) ya European Journal of Immunology, iliyotoka 2017, 2019 na 2021, ina waandishi kwa mamia. Mtu mmoja kati ya mamia akiihesabu sawa na makala aliyoiandika na wenzake watano, ulinganisho umevunjika. Njia rahisi ya kurekebisha ni kugawa: makala yenye waandishi 10 humpa kila mmoja sehemu 1 ya 10. Si haki kamili, lakini inaonyesha upesi ni nani anayesimama kwa kazi zake na ni nani anayesimama kwa orodha ndefu.

Nafasi ya mwandishi ndiyo safuwima inayopuuzwa zaidi, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Katika imunolojia, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya majaribio na kuandika. Wa mwisho ndiye mkuu wa maabara aliyeleta wazo na fedha. Wa katikati anaweza kuwa aliyetoa panya waliozimwa jeni, aliyeendesha mashine ya saitometria, au aliyekusanya damu kijijini. Kwa mtafiti mchanga tazama nafasi ya kwanza. Kwa anayeomba uprofesa tazama nafasi ya mwisho na ya mwandishi wa mawasiliano. Na lazima ufungue PDF yenyewe. Waandishi wawili wa kwanza wenye mchango sawa huwekewa nyota, lakini orodha uliyoipakua kwenye Excel huonyesha mpangilio wa majina tu, na mwenye nyota aliyeandikwa wa pili anaishia kuhesabiwa kuwa wa katikati.

Sasa hesabu. H-indeksi, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hupatikana kwa kupanga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi na kushuka hadi pale ambapo nafasi inaizidi idadi. Makala kumi zilizorejelewa mara 96, 41, 30, 12, 9, 7, 6, 3, 1 na 0: ya sita ina 7, inatosha, ya saba ina 6, haitoshi. H-indeksi ni 6. Angalia kilichopotea: ile ya 96 ingekuwa ya 960, jibu lingebaki 6. H-indeksi haishuki kadiri umri unavyopanda, hata mtu akiacha utafiti kabisa. Ndiyo maana Hirsch mwenyewe alishauri kuigawa kwa miaka tangu makala ya kwanza. H-indeksi 12 kwa miaka 8 ni 1.5, 20 kwa miaka 25 ni 0.8. Toa miaka ya uzazi, ya ugonjwa na ya mafunzo ya kitabibu kabla ya kugawa.

Impakti fakta ya jarida isiingie katika hesabu ya mtu. Ni wastani wa jarida zima: marejeo ya mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita, kugawa kwa idadi ya makala za utafiti na mapitio za miaka hiyo miwili. Makala chache ndani ya jarida hubeba wastani huo na nyingi ziko chini yake. Kuzijumlisha impakti fakta za makala za mtu, kama fomu nyingine zinavyotaka, ni kumpa mtu sifa za jirani zake. Azimio la San Francisco, DORA, lilikataa jambo hilo wazi mwaka 2013.

Badala yake tumia iCite, huduma ya bure ya taasisi za afya za Marekani, NIH. Nakili PMID zako zote, zibandike, na kila makala itapata RCR: mara ilizorejelewa kwa mwaka, ikilinganishwa na makala zinazorejelewa pamoja nayo, yaani fani yake halisi. 1.0 ni sawa na makala ya katikati ya zile zilizofadhiliwa na NIH. Hapa mtaalamu wa kinga dhidi ya kichocho halinganishwi na wa kinga ya saratani, jambo ambalo h-indeksi haiwezi. Soma wastani na mediani (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa) kwa pamoja. Wastani ukiwa 2.4 na mediani 0.9, kuna makala moja au mbili zinazoinua nyingine zote. Zitafute, kisha rudi kwenye safuwima ya nafasi uone kama ni zake hasa. Namba za makala za mwaka jana ni za muda, na jarida lisilo PubMed halipo kabisa. Pia kuonekana PubMed si uthibitisho wa ubora: makala nyingine huingia kupitia hifadhi ya PubMed Central, wala jarida lake halimo kwenye MEDLINE, sehemu ya PubMed yenye majarida yaliyochujwa.

Makala za UVIKO-19 za 2020 na 2021 zipe rangi yake kwenye jedwali. Zilirejelewa kwa kasi isiyo ya kawaida, na mtu mwenye moja tu anaweza kuonekana amempita mwenzake aliyetumia miaka hiyo kwenye kifua kikuu. Piga hesabu mara mbili, nazo zikiwemo na zikiwa zimeondolewa.

Kuhusu kujirejelea, Scopus na Web of Science hukuruhusu kuondoa marejeo ya mtu kwa kazi zake. Kiasi fulani ni halali, maana anayeendeleza kazi yake lazima aitaje. H-indeksi ikishuka kwa 1 au 2, endelea. Ikishuka kwa theluthi, fungua makala zinazomrejelea usome ni za nani. Na chuo kikitangaza kuwa mtu wake yumo kwenye ile orodha ya asilimia 2 ya wanasayansi wanaorejelewa zaidi, ya John Ioannidis wa Stanford na wenzake, uliza ni jedwali la maisha yote ya kazi au la mwaka mmoja. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kisha soma makala. Angalau tatu, ambazo mtafiti mwenyewe amezichagua. Makala ya Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyotoka kwenye Lancet mwaka 1998 na kubatilishwa 2010, imerejelewa mno, na wengi humrejelea kwa kumpinga. Kanzidata huhesabu vyote sawa. Tafuta kila DOI kwenye Retraction Watch, kanzidata ya makala zilizobatilishwa, kabla ya kikao. Upande wa pili, makala ya Katalin Karikó na Drew Weissman ya mwaka 2005 kwenye Immunity ilipita kimya kiasi, ikaja kuwa msingi wa chanjo za mRNA na Nobel ya 2023. Makala ya Shimon Sakaguchi ya 1995 kuhusu seli za T zinazozuia kinga isishambulie mwili ilitoka Journal of Immunology, jarida la chama cha wataalamu, na Nobel ikamfikia 2025. Dirisha la miaka miwili la impakti fakta lisingeliona lolote kati ya hayo.

Katika ripoti andika kwa sentensi kamili: kanzidata, tarehe ya kupakua, idadi ya makala baada ya kusafisha, ngapi ni za utafiti wa asili, ngapi ni za nafasi ya kwanza na ya mwisho, h-indeksi bila kujirejelea, mediani ya RCR, na makala za kundi zikiwa pembeni. Jedwali zima mpelekee mtafiti siku saba kabla ya kikao alikague. Mara nyingi atakachosahihisha ni nyota za waandishi wa kwanza na jaribio la chanjo ambalo jina lake limefichwa chini ya kundi.