Usifuate alama za mtu kwenye barafu, mkuu

Mkuu, umeandika kwamba Krismasi mnaenda ziwa Mille Lacs, huku huku Minnesota, na wenzako wa kazini, pikipiki ya theluji umeazimwa, na "njia ipo, waliotangulia wameshaichora". Hapo kwenye waliotangulia ndipo nilipoacha kula. Usithubutu.

Mimi ni mtoto wa Kirumba, Mwanza. Ziwa nalijua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Sasa Desemba yangu ya pili hapa Minnesota, jamaa wa kazini akaniazima pikipiki yake ya theluji, akasema nivuke ziwa Minnetonka jioni nimfuate kwake tule nyama. Nikamuuliza barafu ikoje. Akacheka. "Jana nimepita mwenyewe, wewe fuata alama zangu tu." Alama zangu tu! Maneno matatu yaliyonitoka dola 2,800, tutafika huko.

Minnetonka si bakuli moja. Ni ghuba nyingi zimeunganishwa na mifereji myembamba, juu yake madaraja. Chini ya daraja maji yanatembea, na maji yanayotembea hayagandi kama yaliyotulia. Kwenye ghuba barafu ilikuwa imara. Mferejini ilikuwa utando tu. Halafu theluji imelala juu ya yote, kote nyeupe, nawe huoni tofauti. Tena hiyo theluji ni blanketi, inaizuia barafu isinenepe, lakini hilo nani alikuwa ameniambia?

Zile alama zilinyooka hadi chini ya daraja, na ng'ambo naziona zinaendelea. Nikajua njia ni salama. Baadaye ndipo nilipoelewa: yule bwana alipita pale kwa mwendo wa kichaa. Mashine hizi zikienda kasi sana zinaweza kuteleza hata juu ya maji matupu, alama zikaanza tena upande wa pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi muungwana, giza limeingia, nikapunguza mwendo. Kilo 250 za chuma, na mimi na ubwabwa wangu wote juu yake. Tukazama.

Baridi ile haikupi hata nafasi ya kusema mama. Kifua kinabana, unavuta pumzi bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, umeyavuta maji. Profesa mmoja wa Manitoba, Gordon Giesbrecht, anafundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado vinakutii, saa 1 hivi kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Mimi dakika zangu nyingi nilizimaliza nikijaribu kupanda upande wa mbele, barafu inakatika mikononi kama kaukau. Geuka ulikotoka! Kule ndiko ilikokubeba. Nilipogeuka nikapiga miguu kama naogelea, nikajivuta kwa viwiko, nikabiringika kama gunia la dagaa mpaka mbali na shimo. Usisimame.

Na nani angenitafuta? Simu ilikuwa mfuko wa suruali, imekufa. Mke wangu alijua nipo zamu ya jioni (usiulize). Wangeanza kunisaka maegesho ya kazini, theluji ikidondoka juu ya lile shimo.

Yule bwana sasa. Unajua alisema nini? "Ulipaswa kukaza mwendo." Hakuuliza hata vidole vyangu. Kisha akanikumbusha kwamba sheria ya Minnesota inatoa siku 30 kuondoa chombo kilichozama, na kwa kuwa mwendeshaji ni mimi, mzamiaji nimlipe mimi. Nikalipa, na matengenezo juu. Ile nyama mpaka leo sijaionja.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Mtaimbo mkononi, piga mbele yako, toboa kwa keke, ingiza rula, songa, rudia. Idara ya Maliasili ya jimbo inasema inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu kwa anayetembea kwa miguu, 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji. Ikiwa nyeupe, zidisha mara mbili, maana nguvu yake ni nusu. Alama ya mtu inakuambia kuwa yeye alipita, basi. Haikuambii uzito wake, kasi yake, wala kama alifika. Na Mille Lacs ni uwanja wa upepo: barafu inapasuka na kupandana, ufa ambao asubuhi haukuwepo jioni upo.

Uliuliza pia kuhusu cheti cha usalama cha kuendesha pikipiki ya theluji. Kama umezaliwa baada ya 1976 na ni mkazi wa hapa, unakihitaji. Mengine uliyouliza nimeshayasahau, hasira zimenipanda upya.

Mtaimbo unao? Kama huna niandikie pembeni, nikuazime wangu. Uko nyuma ya gari, hata Julai siutoi.