Kabla hujapanda lifti: ushauri kwa anayetaka kuhamia fleti za katikati ya Dar

Watu wengi wananiuliza kama inafaa kuacha nyumba Goba, Kimara au Mbagala na kuja kupanga, au hata kununua, kwenye hizi fleti mpya zinazochomoza Upanga, Kisutu na Kariakoo. Mimi nilihama kutoka Mbezi, nikapanga kwanza Kisutu, kisha nikanunua Upanga, na jibu langu ni kwamba inafaa sana. Ila karibu kila anayeniuliza huwa ameshaoneshwa chumba. Ameona vigae vinavyong'aa, makabati ya jikoni, na dirisha la ghorofa ya tisa linalotazama bahari. Hivyo viangalie mwisho. Anza chini, mtaani, mbele ya geti, kwa sababu anayehamia mjini analipia mtaa kuliko anavyolipia chumba.

Kwa kodi ya fleti ya vyumba viwili Upanga unaweza kupata nyumba nzima Goba, yenye uwanja na mwembe wake. Kinachoipa maana bei ya mjini ni miguu yako. Soko la Kisutu naenda kwa miguu. Muhimbili kumwona mgonjwa, kwa miguu. Nikiwa na shughuli Kivukoni napanda Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, na kituo kipo karibu kiasi kwamba sihitaji bodaboda ya kunifikisha. Tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024, naweza kwenda Morogoro au Dodoma nikiwa nimefika stesheni na begi langu bila kukaa kwenye foleni. Jioni tunatembea na watoto mpaka Daraja la Tanzanite kupunga upepo. Sasa kama jengo ulilooneshwa halikupi maisha hayo, kama mkate tu unakutaka uwashe gari, bei hiyo hailipi, hata bahari ionekane mpaka chooni.

Mitaa hii ilijengwa kwa watu wa miguu. Wakoloni waliigawa Dar mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati kutenganisha watu. Ubaguzi ule ulikuwa uovu, lakini ndani ya Uhindini na Kariakoo watu wenyewe walijenga maisha yanayotembeleka: duka chini, familia juu, baraza mbele inayompa mpita njia kivuli. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yaliishia kwa Msajili wa Majumba, na ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa miaka mingi kodi ilikuwa ndogo, na ukarabati ukawa mdogo vilevile. Wengi wetu tunakumbuka mabomba yanayovuja ukutani na mimea iliyoota kwenye nyufa za ghorofa ya juu. Viwanja vya namna hiyo, pamoja na vile vya watu binafsi Upanga palipokuwa na nyumba za ghorofa moja au mbili, ndivyo vinavyopandisha minara leo.

Naumia kuona nyumba nzuri ya zamani ikivunjwa asubuhi na jioni ikawa kifusi. Lakini pia nimeona mtaa uliokuwa unalala saa kumi na mbili ukirudiwa na taa madirishani, watoto kwenye korido, na duka la dawa linalofunga saa nne usiku kwa sababu wateja wanaishi juu yake. Mji unataka wakazi. Ofisi zikifunga milango jioni haziachi mtu, na Jumapili mtaa wa ofisi unatisha hata kupita.

Kuna aina mbili za majengo mapya, na tofauti yake inaonekana chini kabisa. Aina ya kwanza imeacha ghorofa ya chini kwa maduka: kinyozi, duka la rejareja, mgahawa, wakala wa pesa. Kuna mtu macho muda wote. Binti yangu akishuka kwenye Mwendokasi saa mbili usiku, anapita mbele ya watu wanaomjua mpaka getini. Aina ya pili imeweka magari chini, ghorofa tatu au nne za maegesho, na upande wa barabara ni ukuta mtupu wenye matundu ya hewa na geti la chuma. Wakazi wanaingia na gari na kutoka na gari. Mtaa wenye majengo matano ya namna hiyo mfululizo umekufa hata kama una fleti mia. Hakuna anayekaa hapo, hakuna anayeuza hapo, na usiku ndipo vibaka wanapojibanza. Mimi siwezi kupanga jengo la aina ya pili, hata nipunguziwe kodi. Wenye mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi wangelazimisha maduka upande wa barabara, Upanga ingekuwa mahali pengine kabisa.

Kwa hiyo kabla hujamwambia dalali akupandishe juu, kaa kwanza kwenye kijiwe cha kahawa kilicho karibu. Nenda mchana wa saa saba, jua likiwa utosini, utembee kutoka getini mpaka kituo cha basi. Angalia kama njia ya waenda kwa miguu ipo kweli au imeliwa na jenereta za maduka, pikipiki na magari yaliyopandishwa matairi mawili juu. Angalia kivuli. Kivuli hakitajwi kwenye matangazo ya fleti, lakini Januari na Februari hapa Dar mtaa usio na mti wala baraza hautembeleki, na utajikuta unaita bajaji kwa safari ya dakika tano. Upanga bado ina miti mizuri kwenye baadhi ya mitaa, na hiyo ni sababu tosha ya kuchagua mtaa mmoja ukaacha wa pili.

Rudi usiku. Rudi tena masika, mvua ikiwa imenyesha. Upanga Magharibi inashuka kuelekea bonde la Msimbazi, na kila mtu wa Dar anajua Jangwani inavyojaa mpaka Mwendokasi inasimamishwa. Si Upanga yote inayopata shida hiyo, sehemu kubwa ipo juu, lakini mitaa ya pembeni usiiamini kiangazi. Maegesho ya chini ya ardhi yakiwa na alama za maji ukutani, umeshajibiwa.

Sasa ndiyo uingie ndani, na mtu wa kwanza kuongea naye ni mlinzi. Dalali anataka udalali wake, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, mlinzi hana cha kukuuzia. Nilipokuwa natafuta Kisutu nilimsalimia mzee mmoja getini, tukaongea habari za mpira, kisha nikamuuliza, "Mzee wangu, maji hapa vipi?"

"Maji yapo, mwanangu," akasema. "Ila umeme ukikatika, yapo huku kwangu chini."

Nilimshukuru, nikaondoka bila kupanda juu. Maana yake ni kwamba jenereta ya pale haikuwa imeunganishwa na pampu. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanaingia kwenye tangi la chini, pampu inayasukuma mpaka matangi ya juu ya paa, na kutoka hapo ndiyo yanateremka kwenye bomba lako. Pampu ikisimama, matangi ya juu yakiisha, wewe wa ghorofa ya nane unashuka na ndoo. Kwa hiyo ukiambiwa jenereta ipo, usiridhike. Uliza inabeba nini: lifti zote, lifti moja, pampu, au taa za korido tu. Uliza nani ananunua dizeli na fedha inatoka wapi. Nimewahi kuona jengo zuri sana lenye jenereta kubwa ambayo wakazi wameshindwa kuchangia mafuta yake, imebaki kukaliwa na paka.

Ghorofa ya tatu mpaka ya tano ndiyo ninayowashauri watu wa kawaida. Lifti ikigoma unapanda ngazi na mtungi wa gesi, unahema lakini unafika. Mama mzazi akija kutoka kijijini hatakaa wiki nzima ndani kama mfungwa.

Umeme uliza kama fleti ina mita yake ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, au mmegawiwa kutoka mita ya mwenye jengo, maana hapo ndipo ugomvi wa majirani unapoanzia. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inayokwenda serikalini nayo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme, hivyo mjue mapema nani anakatwa na nani anarudisha.

Kuhusu usalama wa jengo siwezi kupita haraka. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hapa hapa mjini, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi, ghorofa likaporomoka Kariakoo biashara zikiwa zinaendelea, na wafanyabiashara wengi wakafa chini ya kifusi. Hawa walikuwa ndugu zetu na majirani zetu. Kama jengo bado linajengwa, soma bango la mradi: lazima lioneshe mkandarasi, mhandisi na msanifu, na majina hayo yanaweza kuulizwa kwenye bodi zao za usajili. Bango likikosekana, ondoka. Kama jengo limekamilika, angalia kama kuna mtu anachimba au anavunja kuta ghorofa za chini ili apanue duka. Nguzo za chini zimebeba familia zote za juu, na mkazi yeyote ana haki ya kuuliza kibali cha kazi hiyo, kwa sauti, kwa mwenye jengo na kwa halmashauri ya jiji. Halafu tembea ngazi za dharura mwenyewe kutoka juu mpaka chini. Nimekuta mlango wa mwisho umefungwa kwa kufuli, nimekuta magodoro na maboksi ya bidhaa yamejaza njia. Namba ya Zimamoto ni 114; iandike ukutani jikoni siku ya kwanza.

Anayepanga anaweza kuishia hapo na kusoma mkataba wake vizuri. Bei akitajiwa kwa dola, akumbushe kwamba kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mjini tulizoea dola mpaka tukaona kawaida, wakati mishahara yetu ni ya shilingi.

Anayenunua ana kazi zaidi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inakuwezesha kuwa na hati ya fleti yako mwenyewe, pamoja na fungu lako katika vitu vya wote: ngazi, lifti, paa, ua. Usikubali barua ya mauziano peke yake ukiahidiwa hati itakuja baadaye. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kiwanja ni cha nani na kama hakijawekwa rehani benki, kwa sababu wajenzi wengi hujenga kwa mkopo. Uliza pia hati mama, yaani hati ya kiwanja chenyewe, imebakiza miaka mingapi. Ardhi yetu inamilikiwa kwa muda, mwisho miaka 99, na fleti yako haiwezi kuishi kuliko kiwanja ilichosimama.

Halafu uliza kuhusu umoja wa wamiliki, ambao sheria hiyo inautambua. Hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko popote, maana nimekuwa kwenye kamati ya jengo letu. Jengo jipya miaka mitatu ya mwanzo linajiendesha kwa upya wake. Baada ya hapo rangi inabanduka, mkanda wa lifti unataka kubadilishwa, tangi linavuja, na kila kitu kinategemea kama watu wasiofahamiana wanaweza kukaa pamoja, kuchanga na kuaminiana. Omba kuona mahesabu ya mwaka uliopita: nani hajalipa ada ya huduma, kuna akiba kiasi gani, lifti ilihudumiwa lini. Kamati inayokupa karatasi hizo bila kusitasita ni dalili nzuri kuliko marumaru yoyote ya mapokezi. Na ukishahamia, nenda kwenye vikao. Sisi tuliamua kikaoni kumruhusu mama lishe abaki mbele ya geti letu, tukamwekea bomba la maji safi na pipa la taka, baada ya baadhi ya wakazi kutaka aondolewe kwa kuwa anaharibu sura ya jengo. Nilimtetea kwa nguvu zangu zote. Chai na vitumbua vyake vinatoka saa kumi na moja alfajiri, anamfahamu kila mtoto wa jengo kwa jina, na wageni wakipotea ndiye anayewaelekeza.

Kama una familia kubwa na fleti inakubana, zitazame pia zile nyumba chache za ghorofa moja zilizoungana ukuta kwa ukuta, zenye mlango wake barabarani na kiua nyuma. Upanga zipo za zamani, na hapa na pale zinajengwa mpya. Bei yake ni kali na haziwi wazi kwa muda mrefu, hivyo dalali wa mbali hatakufikishia habari zake. Waulize wazee wa msikitini au kanisani mtaani hapo, na wauza magazeti wa kona. Wao hujua nani anahama kabla tangazo halijabandikwa.