Majina mawili chini ya picha za Doré

Mkuu, umeuliza kwa nini picha za mchoraji Mfaransa Gustave Doré kwenye Biblia yako ya zamani zina majina mawili pale chini. Moja ni la Doré, jingine ni la mchongaji. Doré alichora moja kwa moja juu ya kibao cha mti mgumu, mara nyingi kwa brashi na wino uliozimuliwa, kisha mafundi kama Pisan na Pannemaker wakakichonga ili kipigwe chapa. Hawakufuata mistari tu. Ilibidi wageuze vivuli vya wino kuwa mistari myembamba mno. Kwangu mimi nusu ya uzuri ule ni wao, na inaniuma wanavyosahaulika.

Doré mwenyewe alizaliwa Strasbourg mwaka 1832, na akiwa na miaka 15 tu tayari alikuwa anachorea gazeti la vichekesho Paris. Picha za Jehanamu, shairi la Mwitaliano Dante, (1861) alizichapisha kwa gharama zake. Biblia yenye picha zake ilitoka 1866. Lakini alitamani sana kuheshimiwa kama mchoraji wa rangi. Waingereza walimpa heshima hiyo, hata akawa na ukumbi wa picha zake London. Wakosoaji wa Paris walimnyima. Alifariki 1883, akiwa na miaka 51.