Baba anaelewa, msimsemee

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama baba yako, anayejibu "ndiyo" hata akimaanisha hapana tangu apate kiharusi, amepoteza akili. Hapana. Hiyo ni afasia: sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, mara nyingi upande wa kushoto, imeumia. Baba yenu bado ni yuleyule.

Mwulizeni swali moja fupi, mpeni muda, mwekeeni picha na kalamu. Mwimbieni nyimbo anazozijua. Wengine maneno huwatoka humo kwanza.

Na hospitalini msikubali kuondoka na mazoezi ya mkono na mguu tu, hilo linaniuma sana. Ombeni rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya lugha. Akikosekana, unganeni na familia nyingine za wagonjwa wa kiharusi, mwandikieni mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, mkimwomba mtaalamu huyo. Baba naye atie sahihi.